Glasi ya Maji kwa Mheshimiwa Mlezi

Nilikuwa nimeinamia sufuria ya chai ya Baraza la Mawaziri, nakoroga sukari isishike chini, mlinzi alipoingia jikoni akaniambia niache mwiko, ninawe mikono, nikashike taa. Niliuliza taa gani. Akasema taa ya kumulikia mdomo wa Mheshimiwa Mlezi wa Taifa.

Daktari wa meno alikuwa amefika Ikulu asubuhi hiyo pamoja na msaidizi wake, lakini msaidizi alizuiwa getini. Watu wa usalama walisema kwamba mtu asiyejulikana hawezi kuruhusiwa kutazama ndani ya Kiongozi wa nchi. Ikabidi apatikane mtu ambaye mdomo ule umekwisha kumzoea. Mimi ndiye mpishi wa chai wa Ikulu. Kila kilichonywewa na mdomo huo kwa miaka mingi kilipitia mikononi mwangu, kwa hiyo ilionekana hakuna siri mpya nitakayokutana nayo humo.

Nilisikitika kuiacha chai, maana ilikuwa bado haijakolea. Katika nchi yetu chai haihesabiwi kuwa imekolea mpaka kijiko kisite kidogo kabla ya kulala upande.

Shavu la kulia la Mheshimiwa Mlezi lilikuwa limevimba tangu mwanzo wa mvua za vuli. Redio ya Taifa ilikuwa imelieleza jambo hili kwa ufasaha. Ilisema kwamba Kiongozi anabeba mengi, na sehemu ya anayoyabeba imeanza kuonekana kwa macho. Baada ya tangazo hilo mawaziri wawili watatu walianza kuja kazini wakiwa wamebana pamba ndani ya shavu, upande uleule wa kulia, kuonyesha kwamba nao wanabeba. Waziri mmoja aliyekosea akabana upande wa kushoto aliandikwa gazetini kwa maneno ya kutilia shaka, na kesho yake alikuwa amehamisha.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Sikudhani Mbelwa. Alitoka mji wa kaskazini, siku nzima kwa treni. Aliletwa yeye kwa sababu madaktari wote wa meno wa mji mkuu walikuwa wameugua ghafla walipotajiwa kazi yenyewe. Hakuwa na habari nyingi za Ikulu. Alimwambia Mheshimiwa afungue mdomo, kama anavyomwambia mtu yeyote, na Mheshimiwa akafungua. Nikamulika.

Sitaeleza nilichokiona, kwa kuwa niliapishwa. Nitasema tu kwamba daktari alivuta pumzi, akafanya kazi yake kimyakimya, akatoa usaha, akaweka dawa, akafuta damu kwenye fizi. Kisha akaketi kwenye kiti, akavua glavu na kumweleza mgonjwa wake kwa sauti ya kawaida.

Alisema kwamba jino moja la nyuma haliwezi kuokolewa, ila mengine yanaweza. Kwenye fizi kumejaa ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, huo utakwanguliwa kidogo kidogo. Mswaki ni asubuhi na kabla ya kulala. Halafu akauliza Mheshimiwa anakunywa nini kutwa. Mheshimiwa akanitazama mimi. Nikajibu kwamba asubuhi ni chai, saa nne chai, mchana sharubati, alasiri chai, na wakati wa hotuba soda.

"Na maji?" aliuliza daktari.

Katibu wa Ikulu, aliyekuwa amesimama dirishani akiupa mdomo ule mgongo, aliacha kuandika.

"Basi hapo ndipo pa kuanzia," daktari akaendelea. "Mheshimiwa, lazima unywe maji."

*

Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa kwa nini chumba kizima kilinyamaza. Kwetu, Mheshimiwa Mlezi hamfukuzi mtu kazi kwa maneno. Mtu anaitwa Ikulu, anakaribishwa kiti, anaulizwa habari za nyumbani. Ikiletwa chai, anakunywa na kurudi ofisini kwake. Ikija glasi ya maji juu ya sinia, ameachishwa. Anayanywa, anasimama akiwa na glasi tupu mkononi, na walinzi wanaoiona glasi hiyo humsindikiza hadi geti la nyuma pamoja na mkoba wake, bila swali lolote. Ni utaratibu wa upole sana. Haujawahi kusababisha makelele.

Ubaya wake ni kwamba wakubwa wote wa nchi waliacha kunywa maji mbele za watu, na wengine hata nyumbani walifunga madirisha kwanza. Kulikuwa na Waziri wa Barabara ambaye siku moja ya jua kali alisimamisha gari, akainama kwenye bomba la sokoni akanywa kwa kiganja. Mwandishi wa gazeti akampiga picha. Kesho yake nchi nzima ilisoma kwamba Waziri wa Barabara amejiuzulu. Alikwenda kwa mhariri kueleza kwamba alikuwa na kiu tu, lakini gazeti lilikuwa limekwisha kuchapwa na mrithi wake amekwisha kupongezwa. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akakubali. Tangu hapo sheria ikaeleweka pande zote mbili: anayepewa maji ameachishwa, na anayejitwalia amejiuzulu.

Sasa daktari kutoka kaskazini alikuwa amesema, mbele ya Katibu, kwamba Mheshimiwa Mlezi lazima anywe maji.

Wakili wa Dola aliitwa haraka. Jina lake Bwana Kapilima, mtu mrefu, anayezungumza kama anayesoma maandishi yaliyo mbali. Alimketisha daktari kando na kumuuliza kama anajua amesema nini.

"Nimesema anywe maji," akajibu daktari.

"Umerudia," alisema Bwana Kapilima kwa huzuni.

Daktari alieleza tena, kwa uvumilivu, kama anavyowaeleza watoto wa shule. Sukari ikibaki mdomoni, vijidudu vinaila na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino. Maji yanasukuma mabaki ya chakula na kuipunguza ile asidi. Mdomo mkavu hauna mate ya kutosha, na mate ndiyo yanayoulinda mdomo kutwa nzima. Maji hayazibi tundu wala hayashiki nafasi ya mswaki, lakini kumtibu mtu anayekunywa sukari tangu alfajiri ni sawa na kudeki sakafu huku bati linavuja.

Bwana Kapilima alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maelezo hayo yanaonekana kuwa ya kitabibu, lakini kila jaribio la kuipindua serikali lina maelezo yake, na itabidi iundwe Kamati ya kuyapima.

Kumkamata daktari lingekuwa jambo la aibu, maana alikuwa ameitwa. Kwa hiyo aliteuliwa. Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba Daktari Sikudhani Mbelwa amekuwa Mshauri Mkuu wa Kinywa cha Taifa, na atakaa Ikulu, chumba cha ghorofani kinachotazamana na ghala la sukari. Aliposema kwamba hataki cheo hicho na anajiuzulu, Bwana Kapilima alimfahamisha kwamba kujiuzulu ni heshima ya mawaziri. Washauri huachishwa na Mheshimiwa mwenyewe, kwa glasi, na si vinginevyo.

*

Mimi nilipewa kazi ya kumpelekea chai. Alikuwa hainywi. Alikuwa akiisogeza pembeni na kuniuliza kama kuna maji.

Nilimweleza kwa nini siwezi kumletea glasi ya maji juu ya sinia. Ningekuwa nimemwachisha kazi mteule wa Mheshimiwa, nami ni mpishi tu. Akauliza kama kuna aliyekataza jagi. Nilifikiri, nikaona hakuna. Nikawa namletea jagi la maji yaliyochemshwa na kupoa, yale ninayokandia unga wa maandazi, nimelifunika kwa kitambaa, na kwenye mlango ninasema ni ya kusukutua. Alikuwa akiyanywa hivyohivyo kutoka kwenye jagi.

"Kaka Mfaume," aliniambia siku moja, "nyumbani kuna watu wananingoja."

Nilidhani anasema watoto wake. Kumbe alikuwa anasema wagonjwa. Wilaya nzima haina daktari mwingine wa meno. Kuna benchi nje ya chumba chake cha kazi, na kila asubuhi linajaa watu walioshika mashavu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyezibwa jino kwa dawa ya muda, dawa isiyokaa, ambaye daktari alimwahidi kumwona akirudi. Alisema yule mwalimu hafundishi vizuri jino likimuuma, anapiga watoto.

"Watapewa daktari mwingine," nilisema, ili kumfariji.

"Nani? Wale walioumwa ghafla?"

Nikachukua kikombe cha chai iliyopoa nikashuka.

*

Kamati ya Kudumu ya Kinywa ilikutana katika chumba kilicho karibu na jiko langu, kwa hiyo niliwahudumia. Walikuwa watu wenye nia njema. Wote walitaka Mheshimiwa apone, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumpelekea glasi.

Mmoja alipendekeza Mheshimiwa anywe kutoka kwenye jagi, kama Mshauri wa Kinywa. Ilijibiwa kwamba mtu anayenywa kwenye jagi anafanana na mtu aliyetoka shambani sasa hivi, na Mheshimiwa alikwisha kutoka shambani zamani. Mwingine alipendekeza anyeshewe mvua akiwa amefungua mdomo. Hilo liliandikwa, likaahirishwa hadi masika.

Ndipo Waziri wa Sukari na Ukarimu, Mheshimiwa Chande Lubasi, alipotoa wazo ambalo kila mtu alilipigia makofi. Ni mtu mnene, mpole, ambaye amebakiza meno machache ya mbele na anayatumia kwa uangalifu. Alisema tatizo si kile kinachonywewa. Tatizo ni kuonekana kwake. Maji yakiletwa ndani ya birika la chai, yakamiminwa katika kikombe cha chai chenye kisahani, na yakaitwa Chai Nyeupe, nani atasema ni maji?

Niliagizwa kuiandaa Chai Nyeupe siku ileile. Nililijaza birika maji yaliyopoa na kulipeleka mbele ya Kamati likaguliwe.

Bwana Kapilima aliitazama akasema kwamba chai isiyo na moshi itazua maswali. Nikaipasha moto. Mtu wa Wizara ya Kilimo akasema wakulima wa majani ya chai watajisikia wametengwa na Kiongozi wao, hivyo ingefaa kutia majani, machache tu, kwa ajili ya umoja wa kitaifa. Nikatia. Mtu wa Mifugo hakusema neno, ila alinitazama mpaka nikaona haya, nikatia maziwa. Mwisho Mheshimiwa Lubasi akaonja, akakunja uso. Alisema yeye ndiye aliyeileta hoja, na hataki kuonekana anaibomoa, lakini kumpelekea Kiongozi kinywaji kisicho na sukari ni kumwambia kwamba ghala ni tupu, na wawekezaji watakimbia. Nikatia sukari. Akaonja tena na kutikisa kichwa. Nikaongeza.

Kamati ikaipitisha Chai Nyeupe kwa sauti moja. Kila mtu alikunywa kikombe, na wote walikubaliana kwamba hawajapata kuona maji mazuri kama yale.

Mheshimiwa Mlezi aliinywa asubuhi, saa nne, mchana na alasiri. Shavu, ambalo lilikuwa limeanza kupungua kwa dawa ya daktari, likarudi, na likaja na mwenzake wa kushoto. Redio ilisema sasa mizigo imesawazishwa.

*

Alasiri moja Mheshimiwa alipanda mwenyewe ghorofani kwenye chumba cha Mshauri. Walinzi na wasaidizi walibaki nje ya mlango, kwa sababu mdomo ungefunguliwa, na mtu pekee aliyekuwa na kibali cha kuuona ni mimi. Niliingia nyuma yake na sinia. Juu yake kulikuwa na birika la Chai Nyeupe na kikombe chake, glasi mbili za sharubati ambazo zilikuwa bado tupu, na lile jagi la kusukutua.

Aliketi kitandani pa daktari kama mtu aliyetembea mbali. Daktari alimulika kwa taa yake ndogo, akatazama, akaizima.

"Nilikwambia unywe maji, Mheshimiwa."

"Nimekunywa. Nimekunywa mpaka nimechoka."

Daktari akamimina kidogo kutoka kwenye birika langu, akanusa, akaweka kikombe chini. Hakunilaumu, nami nilimshukuru kwa hilo.

"Maji yenyewe, matupu, mara ya mwisho ulikunywa lini?"

Mheshimiwa alifikiri muda mrefu. Kisha akasema ilikuwa kabla ya kuapishwa.

Akaanza kueleza, polepole, kwa kuwa kila neno lilimgusa jino. Alisema Waziri wake wa kwanza kabisa alikuwa rafiki yake wa tangu shule. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ilimshinda, na kila mtu alijua. Alimwita ili amwambie. Walizungumza habari za watoto, za mahindi, za mpira, na neno lenyewe halikutoka. Mwishowe, mpishi wa zamani alipochungulia kuuliza alete chai, yeye akasema lete maji, ili tu apate muda wa kujikaza. Yule rafiki alipoona maji yanakuja badala ya chai, alielewa kwamba hakaribishwi tena kukaa. Akanywa, akashukuru, akaondoka.

"Nikaona ni rahisi," alisema Mheshimiwa. "Wa pili nikafanya hivyohivyo."

"Kwa hiyo uliona haya kusema."

"Niliona haya sana, daktari."

Nje walinzi walikuwa wakibishana kuhusu mpira kwa sauti ya chini.

"Na wewe," akauliza Mheshimiwa, "unataka nini?"

"Kurudi nyumbani. Kuna watu wameshika mashavu wananingoja. Wao hawana redio ya kuwaelezea."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alijaribu kucheka, akashika shavu.

Ndipo alipolichukua jagi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa amemimina kitu kwa miaka mingi, akamwaga nusu kwenye sinia. Daktari akalishika jagi upande wa chini kumsaidia, wakajaza glasi zote mbili. Mimi nikainama kufuta maji yaliyomwagika, maana sinia lile ni la fedha na huwa linaweka alama. Nilipokuwa nafuta, mkono mmoja ukanyoosha glasi kwenda upande mmoja, na mkono wa pili ukanyoosha glasi kwenda upande wa pili. Wakapokea. Wakanywa.

Mheshimiwa aliyazungusha maji mdomoni, shavu hadi shavu, kabla ya kuyameza.

"Hayana ladha," alisema.

"Hayabaki kwenye jino. Ndiyo maana nakupa."

Aliomba mengine, akanywa, na akasema mdomo wake umekuwa kama chumba kilichofunguliwa madirisha. Daktari akamwambia asidanganyike, lile jino la nyuma lazima ling'olewe hospitali kuu wiki hii, na ugaga ukwanguliwe, na mswaki ni lazima, na akinywa chai basi maji yafuate. Mheshimiwa aliitikia kila jambo kwa adabu. Kisha akalala palepale kwenye kitanda cha daktari, viatu miguuni.

Daktari alichukua mkoba wake. Glasi tupu ilikuwa bado mkononi. Alipofungua mlango walinzi waliiona glasi, wakasimama sawasawa, wakampokea mkoba na kumsindikiza hadi geti la nyuma, kama ilivyo desturi, bila swali. Mmoja alimtakia safari njema. Treni ya kaskazini huondoka saa kumi na moja jioni.

*

Bwana Kapilima alipata habari akiwa anakula kashata. Kabla ya magharibi Kamati ilikuwa imeketi, nami nimeitwa, safari hii si kwa ajili ya chai.

Alilieleza jambo vizuri, hata mimi nikaelewa. Glasi mbili zimetolewa: moja walinzi waliiona mkononi mwa daktari, nyingine imekutwa tupu kando ya Mheshimiwa aliyelala. Ikiwa Mheshimiwa ndiye aliyempa daktari kwanza, basi daktari aliachishwa kihalali, na glasi aliyoitoa baadaye ilikuwa glasi ya raia wa kawaida, haina nguvu, na Mheshimiwa bado ni Mheshimiwa. Lakini ikiwa daktari alitangulia, basi mtu aliyelala ghorofani si Mlezi wa Taifa tena, hakuwa na mamlaka ya kumwachisha mtu yeyote, daktari bado ni Mshauri Mkuu aliyetoroka kazini, na lazima ashushwe kwenye treni na kurudishwa kujibu. Kwa mujibu wa katiba, akaongeza huku akitazama dari, wakati kiti kikiwa wazi kazi za Mlezi hufanywa na Wakili wa Dola.

Mheshimiwa Lubasi alikohoa. Alisema yeye, bila kuwa na mashaka na Wakili, anaamini kabisa kwamba Mheshimiwa alitangulia. Aliulizwa kama alikuwepo. Akasema hakuwepo, lakini anamfahamu Mheshimiwa, ni mtu wa kutangulia.

Mtu wa Mifugo alipendekeza tumwamshe mwenyewe aulizwe. Hapo Kamati nzima ikagawanyika, kwa kuwa itifaki ya kumwamsha Mlezi ni tofauti na ya kumwamsha mtu mwingine. Mlezi huamshwa na bendi. Wakipeleka bendi, watakuwa wamekubali kwamba bado ni Mlezi. Wakimtikisa bega tu, watakuwa wamempindua. Iliamuliwa aachwe alale. Ilisemekana alikuwa akikoroma vizuri, jambo ambalo hakulifanya tangu mvua zianze.

Kwa hiyo wakanigeukia mimi.

"Bwana Mfaume," alisema Bwana Kapilima, "ulikuwa pale. Nani alitoa glasi kwanza?"

Nilisema nilikuwa nafuta sinia.

Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sinia la Ikulu likifutwa vizuri linang'aa kuliko kioo, na mtu aliyeliinamia anaona dari, anaona taa, na anaona mikono ya watu walio juu yake kwa uwazi kabisa. Lakini swali hilo hawakuniuliza.

Akaagiza glasi ziletwe kama ushahidi. Nilizileta, nikaeleza kwamba nimekwisha kuziosha, na ya daktari niliipokea kwa mlinzi wa geti, na sasa siwezi kusema ipi ni ipi, zimetoka seti moja. Bwana Kapilima alifumba macho.

Ikaamuliwa tukio liigizwe upya, ili kumbukumbu yangu iamke. Jagi likaletwa, sinia likawekwa katikati ya meza, glasi zikajazwa. Mtu wa Mifugo alikubali kuwa daktari. Ilipotakiwa mtu wa kuwa Mheshimiwa, kila mmoja akaanza kutafuta kitu mfukoni. Aliyeigiza nafasi hiyo angekuwa amejitwalia kiti, na aliyepokea glasi, hata ya kuigiza, angekuwa ameachishwa mbele ya mashahidi. Wakazitazama zile glasi kwa muda mrefu. Nje kulikuwa na joto, na hakuna aliyekuwa amekunywa chochote tangu alasiri, kwa sababu mimi nilikuwa shahidi na hapakuwa na wa kupika chai. Niliona Mheshimiwa Lubasi analamba midomo.

"Jitahidi, Bwana Mfaume," alisema Bwana Kapilima. "Treni haijafika mbali. Naweza kupiga simu stesheni ya mtoni sasa hivi wakamshusha. Nahitaji neno moja tu."

Nilifikiri. Mimi si mtu wa kuhukumu haraka, na nilitaka kumtendea haki kila mmoja. Nilimfikiria Mheshimiwa aliyelala na viatu. Nilimfikiria Bwana Kapilima, ambaye pengine angekuwa Mlezi mzuri, anapenda mambo yawe na mpangilio. Nilifikiri pia juu ya benchi la kaskazini na mwalimu anayepiga watoto.

"Mheshimiwa Wakili," nikasema, "kumbukumbu yangu huwa nzito jioni. Nikilala, asubuhi mambo hunijia moja baada ya jingine. Nisije nikaipotosha nchi kwa haraka."

Alinitazama sana. Lakini hakukuwa na la kufanya, na wajumbe wengine walikuwa wamekwisha kusimama, kila mmoja akienda upande wake na kiu yake. Kikao kiliahirishwa hadi kesho baada ya kifungua kinywa. Glasi mbili zilizojaa ziliachwa mezani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzihamisha, na mlinzi akawekwa.

Nilikuwa nakusanya vitambaa vyangu nilipoona Bwana Kapilima amebaki mlangoni. Alikuwa ameegemeza kiganja kwenye shavu, la kulia, nalo halikuwa na pamba ya mawaziri. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kama yale aliyoyasema daktari juu ya maji na fizi yanamhusu Mlezi peke yake au yanaweza kumfaa na mtu mwingine, tuseme wakili.

Nikamwambia kwamba ninavyoelewa yanamfaa mtu yeyote mwenye mdomo, na kwamba jikoni kuna jagi la pili, limefunikwa, na jikoni saa hizi hamna mtu.

Alitazama korido upande huu, akatazama upande ule. Alimeza mate, yaliyokuwa machache. Kisha akarekebisha tai yake na kusema kwamba jambo hilo ni zito, linahitaji utulivu, na tutaliangalia kesho.